Niandikeni Kama Shaba

Wageni wa siku hizi wakifika Dilolo, mpakani mwa Kongo na Angola, huja na sentensi moja mfukoni. Wanashuka garini wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa vinavyong'aa, kofia ngumu kichwani ingawa huku hakuna cha kumwangukia mtu isipokuwa jua. Wanaangalia reli upande huu, wanaangalia reli upande ule, kisha wanatutangazia: "Ninyi ndio mlango wa Atlantiki." Tunawashukuru, tunawauzia maji ya chupa. Baadaye anakuja mwingine na kusema sisi ni lango. Yupo aliyesema sisi ni daraja, na yupo mmoja mwenye kompyuta aliyesema ni kiungo. Mimi nina kibanda karibu na stesheni, nauza sukari, sabuni, betri na makayabo, wale samaki wa chumvi, na tangu nipandishwe cheo nikawa mlango sijaona mauzo yakipanda hata kwa kopo moja la maziwa.

Hebu tuzungumze sukari, maana ndiyo inayonipeleka mpakani.

Sukari inaweza kunifikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoka Kolwezi, makao makuu ya jimbo letu la Lualaba, kilomita mia nne na ushei kwa barabara ya taifa namba 39, kupitia Mutshatsha na Kasaji. Nimeiita barabara ya taifa kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Taifa lenyewe sijawahi kulikuta humo. Mvua zikishaanza, lori linaloondoka Kolwezi na sukari laweza kufika Dilolo na sharubati. Dereva naye anafika akiwa mtu mwingine kabisa, haongei, anaomba bukari tu na mahali pa kulala.

Njia ya pili ni Luau, Angola. Luau iko pale, ng'ambo ya mto. Kiswahili chetu kinaishia ukingoni, ukivuka unaambiwa "bom dia". Jogoo wangu akiwika wanamsikia. Shida ni kwamba hawaamki naye. Akiwika saa kumi na moja alfajiri kwangu, kwao ni saa kumi, kwa sababu Lualaba tunafuata saa ya Lubumbashi na Angola wanafuata saa ya Luanda, na katikati kuna saa nzima iliyozama mtoni. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kinshasa, mji mkuu wangu mwenyewe, saa yake ni ileile ya Luanda. Yaani Rais wangu na wauza mikate wa Luau wanakunywa chai wakati mmoja, mimi huku nimeshaosha kikombe.

Mtu asiyevuka mpaka atasema saa moja ni kitu gani. Basi achukue mapumziko ya mchana. Wa kwetu wakienda kula saa sita hadi saa nane, wa ng'ambo nao ni binadamu, wana haki ya kula; ila saa sita yao ni saa saba yetu, kwa hiyo wanarudi mezani saa tisa yetu. Saa sita nafungiwa upande huu. Saa nane upande huu wananifungulia, kwa bashasha, ili nikakute upande ule umefungwa. Na kati ya saa saba na saa nane kuna muda ambapo mataifa mawili huru yanatafuna kwa pamoja; huo ndio ushirikiano wa kikanda ninaoweza kuutolea ushahidi. Januari 2023 nchi tatu, yetu, Angola na Zambia, zilitia saini huko Lobito, pwani ya Angola, mkataba wa kuunda shirika la kurahisisha usafirishaji kwenye Korido ya Lobito. Ningealikwa ningeomba kifungu kimoja tu, cha chakula cha mchana.

Tuje kwenye meza. Kisheria mambo ni mepesi ajabu. Kuna amri namba 036 ya tarehe 28 Machi 2002 inayotaja idara zinazoruhusiwa kufanya kazi kwenye mipaka ya Kongo. Ni nne: duane, yaani forodha, ambao enzi hizo waliitwa OFIDA na sasa ni DGDA, OCC wanaokagua bidhaa, DGM wa uhamiaji, na watu wa afya, wale wa kadi ya njano. Nne. Mtoto wa darasa la kwanza anazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole gumba kinabaki bila kazi. Hizo nne sina neno nazo leo. Neno langu ni juu ya kidole gumba, kwa sababu naye amejitafutia kazi mpakani.

Meza ya kidole gumba haina bango. Ina kivuli cha mwembe, daftari la shule, na bwana mmoja mwenye shati safi kuliko mazingira yake. Siku moja natoka Luau na gunia langu begani, huku kijana wa baiskeli akinifuata na mengine, nikasimamishwa.

"Papa, umebeba nini?"

"Sukari, shefu."

"Ya nini?"

"Ya kuuza rejareja, kwa vikopo."

"Vikopo viko wapi?"

Nikamwambia vikopo viko nyumbani, sukari ndiyo iliyokuwa Angola. Akaandika kwenye daftari, taratibu, huku akijisomea: vikopo havikuonyeshwa. Kisha akaniuliza kuhusu familia yangu, nikamjibu. Akanieleza kuhusu familia yake, nikasikiliza. Akafika mahali pa kusema kwamba watoto siku hizi wanakula maharage mengi. Huku kwetu mtu akitaja maharage mbele ya mzigo wako, ujue mazungumzo ya mboga hayapo hapo.

Tukiwa katikati ya maharage, treni ikapita. Mabehewa yametoka Kolwezi, makontena yamefungwa, ndani mabamba ya shaba yanakwenda Lobito kupanda meli. Yule bwana akasimama. Akafunga kifungo cha shati, akatazama behewa la kwanza hadi la mwisho likivuka kuingia Angola. Hakuuliza shaba ni ya nini. Hakuuliza vikopo viko wapi. Treni ilipokwisha akaketi, akanigeukia na uso wa kazi.

Siku ile ndipo nilipoanza kumwonea shaba wivu.

Nitakuwa mkweli: hata shaba ina mateso yake, ila inateseka mbali na macho yangu. Ikipita njia ya kusini hulazimika kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako foleni ya malori hupimwa kwa kilomita na madereva hupika, hufua na kunyoa ndevu chini ya matela yao. Agosti 2024 Kasumbalesa ilifungwa kabisa. Vita? Kipindupindu? Bia. Kongo ilipiga marufuku kuingiza bia na vinywaji baridi kutoka nje, watu wa upande wetu wakaandamana, na Zambia, kwa kuhofia usalama wa watu na mali zake, ikafunga mipaka yake na sisi pale Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Kwa siku kadhaa madini ambayo dunia inayalilia kwa ajili ya magari ya umeme yalisimama yakisubiri soda. Nchi ya pili duniani kwa kuchimba shaba, zaidi ya tani milioni 3 mwaka 2024, na chupa ya fanta inaifungia mlango!

Mawaziri wakaja, wakakaa, wakaelewana, mpaka ukafunguliwa. Mimi nilifurahi kwa ajili ya madereva. Lakini soma habari za wakati ule uone nani aliyehurumiwa. Wachambuzi walihesabu tani zilizokwama. Watu waliokwama hawakuwa na safu yao kwenye jedwali.

Ndiyo maana wakubwa wanaipenda njia yetu. Kutoka Kolwezi hadi bandari ya Lobito ni kilomita 1,700 na kitu, na Durban iko mbali zaidi kwa kilomita elfu na kitu. Shaba ya Kolwezi siku hizi imekuwa kama binti wa chifu: Durban wanaleta posa, Dar es Salaam wanaleta posa, Walvis Bay na Beira nao wamevaa suti wanasubiri ukumbini. Lobito ndiye mchumba wa zamani aliyerudi kutoka safari ndefu akisema ameacha ulevi.

Na ni wa zamani kweli. Mwaka 1902 Mskoti Robert Williams alipewa na Wareno kibali cha miaka 99 cha kujenga reli ya Benguela kutoka Lobito kuja huku. Ilichukua zaidi ya robo karne kufika mpakani, ikafika mwaka 1929, na mwaka 1931 Wabelgiji walipokamilisha kipande chao kutoka Tenke hadi Dilolo, shaba ya Katanga ikaanza kuteremka baharini. Lakini hata Wabelgiji hawakuwa na raha nayo. Walikuwa na sera yao iitwayo njia ya taifa: treni kutoka Katanga hadi Ilebo, pakua, boti hadi Kinshasa, pakua, treni tena hadi Matadi, pakua. Ilikuwa ndefu, ilikuwa ghali, lakini pesa ya nauli haikutoka nje ya koloni. Mobutu naye akairithi, maana baada ya Agosti 1975 hakuwa na la kuchagua sana: vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela kwa mizigo yetu. Manganizi ya Kisenge, hapa hapa kwenye teritwari yetu, ikakosa njia. Mwaka 2018 ndipo treni ya manganizi kutoka Kongo ilipofika tena Lobito. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Dilolo ana subira, usimsifu. Amezaliwa karibu na mgodi.

Lakini katikati ya hayo yote kuna jambo la mwaka 1927 ambalo jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, hawezi kulisimulia bila kusimama. Wabelgiji walikuwa wanataka kipande kidogo cha ardhi ya Wareno karibu na Matadi, kilomita za mraba 3 tu, ili kunyoosha reli yao. Wareno wakasema haya, tupeni na sisi kitu. Wakakaa Luanda, Julai, wakakubaliana: Wareno watoe hizo tatu, Wabelgiji watoe kipande cha upande wa Dilolo, kile ambacho kwenye ramani kilikuwa na umbo la buti. Ukubwa wake? Kilomita za mraba 3,500 hivi.

"Tatu kwa elfu tatu na mia tano!" mzee hupiga kelele, mkono juu. "Na chenji hawakudai!"

Mimi nikiuza makayabo kwa hesabu hiyo mke wangu atanirudisha kwa wazazi wangu. Ziwa Dilolo lenyewe, ambalo Livingstone alilipita mwaka 1854, liko Angola. Sisi tumebaki na jina, samaki wana uraia mwingine. Lakini sikiliza ninachokitafuta hapa. Mpaka huu, ambao naambiwa ni kitu kitakatifu kisichogusika, ulishasogezwa kwa kalamu, mara moja, kwa sababu reli ya mahali pengine ilikuwa na kona mbaya. Walihamisha nchi ili treni isipinde. Mimi na gunia langu tunaomba saa zioane tu, tunaambiwa ni suala nyeti.

Tangu hapo sherehe zimekuwa nyingi. Wachina walipomaliza kuijenga upya reli ya Benguela, marais watatu, dos Santos, Kabila na Lungu, walikutana Luau tarehe 14 Februari 2015. Siku ya wapendanao! Tulisikia honi kutoka ng'ambo. Treni ilikuwa tayari kuvuka. Reli yetu ya upande huu ilikuwa bado inafikiria. Julai 2023 wakakutana tena wengine watatu, Lourenço, Tshisekedi na Hichilema, safari hii Lobito, kukabidhi reli kwa kampuni ya Lobito Atlantic Railway, ya Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, kwa miaka 30. Ahadi ya uwekezaji: dola milioni 455 upande wa Angola, hadi milioni 100 upande wa Kongo. Mimi si mtu wa kijicho, lakini shaba inatoka wapi?

Halafu Desemba 2024 akaja Joe Biden mwenyewe, mzee ambaye kwao alizoea kupanda treni kwenda bungeni kama karani. Tukasema huyu sasa anajua mambo ya nauli. Walikuwepo Lobito wenyeji wa Angola, Tshisekedi, Hichilema, na hata Philip Mpango, wakati huo Makamu wa Rais wa Tanzania, aliyeiacha Bahari ya Hindi kuja kuiangalia ya wenzake. Biden hakupanda treni hadi mwisho wa reli. Angepanda angenikuta, ningemuuzia betri.

Nikamuuliza mzee wa reli: hiyo miaka 30, sisi tumo? Akanifafanulia kwa utulivu wa mtu aliyepuliza filimbi maisha yake yote. Mkataba ni wa mizigo. Abiria wa Angola wamebaki na CFB, shirika la serikali yao. Abiria wa Kongo wako na SNCC, shirika letu la reli, na njia ya SNCC kati ya Tenke na hapa imechoka hivi kwamba mbuzi huipisha treni kwa heshima tu, si kwa hofu. "Bamba la shaba lina mkataba," alisema. "Wewe una nini?"

Na kuna lingine, jipya. Imepangwa reli nyingine, kama kilomita 800, ianzie Luacano, Angola, ikatize moja kwa moja hadi Chingola, Zambia. Nimeitafuta Luacano kwenye ramani: iko kabla ya Luau. Yaani treni ya Zambia itakuwa inakata kona kabla hata ya kutuona. Hata huo umlango tunaosifiwa, ambao sikuuomba, wameshaanza kutafuta dirisha.

Nikakaa usiku mmoja nikipiga hesabu, nikaona suluhisho liko wazi. Dunia nzima inashughulika na namna ya kumvusha shaba hapa Dilolo haraka, salama na bila kuguswa. Marais wanasafiri kwa ajili yake. Marekani na Ulaya wanamtolea fedha. Watu wanasimama akipita. Niandikwe shaba, yaishe.

Nikamwendea rafiki yangu, wakala wa forodha, kijana mwenye mihuri mingi kuliko mashati. Nikamweleza. Hakucheka, na hilo ndilo lililonipa matumaini. Kazi yake imemwonyesha makubwa zaidi. Akachukua fomu.

"Yaya, uzito?"

"Themanini na kidogo. Baada ya sikukuu, tisini."

"Kwenye kontena utakuwa mzigo mdogo. Itabidi tukuchanganye na wengine."

"Nina shemeji wawili."

"Asilimia ya shaba?"

Nikamwonyesha bangili ya mkononi, ile ya baridi yabisi. Akaikwaruza kwa kucha, akaipima kwa macho, akaandika. Nikaona jambo linakwenda. Nikaanza kujiona nimekaa kimya ndani ya behewa, nimefungwa lakiri, yule bwana wa mwembeni akifunga kifungo kwa ajili yangu. Hapo wakala akaweka kalamu chini.

"Kuna tatizo. Wewe bado ni mali ghafi."

"Ghafi kivipi?"

"Hujasafishwa. Serikali haipendi madini yatoke bila kuchakatwa. Mawe na mchanga wa shaba vinatakiwa visafishwe humuhumu nchini kwanza, thamani iongezeke, ndipo vivuke. Hivi ulivyo ukivuka watatushika wote wawili."

Nikamwambia mimi niko tayari kuongezewa thamani, muda wowote, na yeyote. Kiwanda kiko wapi?

"Kolwezi."

"Na Kolwezi naendaje?"

Akatazama nje. Wingu lilikuwa limeshasimama juu ya stesheni, na dereva mmoja wa lori alikuwa anatafuta watu wa kusukuma.

"Namba 39," akasema. "Una viatu vya mvua?"